Vidole vitatu

Leo nimerudi nyumbani nanuka baruti hadi kwenye nywele.

Msiojua: tangu Krismasi baba mkwe ananifundisha kujaza risasi, hapa Texas. Maganda yaliyokwisha kulia tunayatia fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti iliyopimwa kwa mizani, kichwa kipya. Bunduki ni Marlin 336 yake ya wenzo, ya risasi za aina ya .30-30. Vichwa ni butu, kwa sababu kwenye bomba la kuwekea risasi, chini ya mtutu, zinafuatana, na ncha kali ingegusa fataki ya iliyo mbele na ingeweza kuilipua. Hapo sifanyi mzaha.

Yadi 100. Risasi za dukani zilitawanyika kama vifaranga walioona mwewe.

Kisha zangu tatu. Mkono ulinitetemeka kidogo, nakiri. Kila nikivuta wenzo, ganda linaruka kuliani, bado la moto.

Tukatembea hadi kwenye shabaha. Mzee akaweka vidole vitatu juu ya karatasi.

Matundu yote yakafunikwa.

Hakusema “vizuri”. Aliibandua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati lake.

Mfukoni mwake, jamani!

Wazee wa shabaha, niambieni: ni kipimo cha baruti, au bahati tu? Jumamosi narudia na tano.