Sekunde tano kabla ya kuta kupasuka

Tetemeko la Kagera la Septemba 10, 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9 na lilianzia kama kilomita 40 chini ya ardhi. Halikutokana na volkano. Kwenye Bonde la Ufa bara linavutwa pande mbili, mwamba unapinda kidogo kidogo kwa miaka mingi, mpaka msuguano unashindwa na pande za ufa uliomo ndani ya mwamba zinateleza ghafla.

Wimbi la kwanza kufika, P, husukuma na kuvuta mwamba kwa kasi ya kilomita 6 hivi kwa sekunde. Vioo vya madirisha hulia, basi. Linafuata S, kilomita 3.5 hivi, linalotikisa kwa ubavu. Hili ndilo mbomoaji. Hesabu sekunde kati ya mshtuko wa kwanza na wa pili, zidisha kwa 8: sekunde 5 ni takriban kilomita 40 hadi chanzo, yaani kule chini mwamba ulikoteleza.

Kwenye udongo laini wa bondeni mawimbi hupunguza kasi na kuongezeka kimo. Nyumba isiyo na linta inayozunguka kuta zote huachia kwenye pembe kwanza.