Waliniambia falsafa ya sheria haina soko

Wanaowashauri vijana wa sheria waikimbie falsafa wanawapotosha. Nami niliambiwa hivyohivyo: andika kuhusu kodi, andika kuhusu mikataba ya gesi, huko ndiko kwenye hela. Leo nafundisha falsafa ya sheria chuo kikuu, na shahada yangu ya uzamivu ni ya somo hilohilo.

Kazi ilikuwa kupitisha pendekezo la utafiti. Nilitaka kuandika juu ya Hans Kelsen, aliyesema kila sheria hupata nguvu kutoka sheria iliyo juu yake, ukipanda hadi katiba ya kwanza, ambayo uhalali wake hukubaliwa tu kuwa upo. Mjumbe mmoja wa jopo akauliza: huyo Mwaustria anatuhusu nini?

Sikubishana. Nilikwenda maktaba kwenye majalada ya zamani ya kesi za Afrika Mashariki, nikaitoa kesi ya Matovu. Februari 1966 waziri mkuu Milton Obote aliisimamisha katiba ya uhuru ya Uganda. Aprili wabunge wakapitisha nyingine bila kuisoma. Nakala, wakaambiwa, watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua! Michael Matovu, chifu wa Buganda aliyekuwa kizuizini, akaomba mahakama imwachie. Majaji wakiongozwa na Udo Udoma wakaona kwanza waamue kama katiba hiyo mpya ni halali. Wakakifungua kitabu cha Kelsen, kama wenzao wa Pakistan walivyofanya 1958, wakasema mapinduzi yaliyofaulu huzaa sheria mpya. Kelsen mwenyewe alikuwa bado hai, huko California.

Nikaanza pendekezo na mahabusu huyo. Kelsen nilimchelewesha hadi ukurasa wa tatu, jopo likiwa limeshanogewa. Hoja yangu ilikuwa kwamba majaji walimsoma nusu: Kelsen alieleza jinsi ya kuitambua sheria, hakumlazimisha jaji yeyote kumtumikia mshindi. Yule mjumbe ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote, na pendekezo likapita.

Vitabu ndivyo vilivyonikausha mfuko. Kimoja cha nje kilimeza sehemu nzuri ya mshahara wa mhadhiri msaidizi, kwa hiyo nilitoa kopi za sura nilizozihitaji. Ila mwanafalsafa wa sheria H.L.A. Hart, kile kitabu chake cha 1961, The Concept of Law, kinunue kizima, usikisome kwa notisi za mwenzako. Na msimamizi wako akisitasita, usimpelekee nadharia. Mpelekee hukumu ya Matovu, umwulize angeamuaje.