Tusimhukumu Aliyejiua

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Familia inayompoteza mtu kwa kujiua hubeba msiba juu ya msiba. Marehemu wengine huliliwa. Wa kwao hunong'onwa. Na mara nyingi ni Mkristo mwenzetu anayeuliza: "Huyo si amekwenda motoni?"

Kanisa Katoliki halijamtangaza mtu yeyote kwa jina kuwa yuko motoni. Linafundisha wazi kwamba kujiua ni kosa zito, kwa kuwa uhai ni wa Mungu nasi tumekabidhiwa tu kuutunza. Lakini uzito wa jambo peke yake haufanyi dhambi ya mauti, ile inayomtenga mtu na Mungu. Sharti mtu atende kwa ufahamu kamili na kwa hiari kamili. Hapa ndipo wengi tunaporuka. Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa, namba 2282, inasema kwamba matatizo makubwa ya kisaikolojia, uchungu, au hofu kuu ya mateso vyaweza kupunguza wajibu wa aliyejiua. Mtu aliyezama katika sonona, usiku hapati usingizi, amekwisha kuamini kwamba yeye ni mzigo kwa wanawe: hiari yake ilibaki kiasi gani? Mimi sijui, nawe hujui. Mungu anajua.

Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilimnyima mazishi ya Kikanisa aliyejiua kwa kusudi. Zile za 1983 hazimtaji tena kati ya wanaonyimwa. Uhai haukushuka thamani, na fundisho ni lilelile. Basi inauma kuona waamini bado wanawanyima wafiwa hata sala, ilhali Katekisimu, namba 2283, inatukataza kukata tamaa juu ya wokovu wa marehemu hao.

Nabii Eliya naye aliketi jangwani chini ya mti akaomba afe: "Yatosha" (1 Wafalme 19:4). Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, malaika akamgusa mara mbili. Ndugu, kama leo wewe ndiye unayesema "yatosha", usikae peke yako na neno hilo. Mwambie mtu leo hii: padre, daktari, yeyote unayemwamini. Kutibiwa si upungufu wa imani. Nasi wengine, tukimwona mwenzetu anajitenga, tumuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo.

Juma hili tuweke nia ya Misa kwa marehemu mmoja ambaye watu wameacha kumtaja. Kisha twende kwa wazazi wake, tumtaje kwa jina lake la ubatizo, tuwaache wamzungumzie watakavyo.