Baba na Jina Lililomtoka

Baba alikuwa ameshavuka miaka 80 alipoombwa kumzungumzia rafiki yake wa ujanani siku ya mazishi. Alikataa kuandaa karatasi, na huyo ni mtu aliyesoma kila siku, na kila usiku aliandika daftarini mambo ya siku hiyo kwa sentensi kamili.

Alianza vizuri. Alipofika pa kumtaja marehemu, akanyamaza. Nilikuwa karibu, nikaona kidole gumba kikisugua ukingo wa mfuko wa shati, pale anapochomeka kalamu. Jina limemtoka. Nikataka kumnong'oneza, mama akanibana mkono.

"Huyu bwana," akaendelea, "aliyenifundisha baiskeli nikiwa tayari na watoto, huyu ambaye ukimkopesha hulali, maana atakugongea alfajiri akulipe..." Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Alimweleza hivyo mpaka mwisho bila kumtaja, na sidhani kama kuna aliyegundua zaidi yetu.

Akafuata baba mdogo, ambaye gazeti hulishika akitaka kufungia kitu. Ujanani alimshinda baba kwa maneno. Siku ile ilikuwa "yule nani", "kile kitu", "si mnanielewa", kisha akakaa.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa David Snowdon kwa watawa 678 wa Marekani, ulioanza 1986. Wale ambao maelezo ya maisha yao, waliyoyaandika wakiwa wasichana, yalisheheni mawazo katika kila sentensi, uzeeni akili zao zilielekea kubaki timamu zaidi. Huenda basi ni akili nzuri iliyozaa maandishi mazuri, sibishi. Na majina ya watu humponyoka hata msomaji sugu, kwa kuwa jina halina kisawe cha kuliokoa. Ila baba alipokwama alikuwa na pa kupitia, na hilo nalihesabia daftari kuliko vitabu: kila usiku alilazimika kuyatafuta maneno mwenyewe.

Jina lilimjia tukiwa njiani kurudi. Akalitamka lote, hadi la babu, kwa hasira.

"Na wewe ulilijua," akamwambia mama. "Mbona hukunitajia?"

"Ningekutajia," mama akajibu, "tungeyasikia wapi ya baiskeli?"