Trekta hili lilitengenezewa shamba la nani?

Watu wakinijia kutaka ushauri kabla ya kununua trekta, hawaanzi na hosipawa, wala udongo wao, wala jembe watakalolifunga nyuma. Wanaanza na uraia. "Fundi, kuna la Mhindi na kuna la Mchina, nichukue lipi?" Au yule aliyekwisha kuamua na anataka baraka tu: "Hili ni Mjapani kabisa, si ndiyo?"

Kazi yangu ni kuzifungua mashine hizi, kwa hiyo sina ugomvi na anayeuliza. Mtu anayetoa akiba yake yote ana haki ya kushika chochote kitakachompa usingizi. Ila jina la nchi linajibu kidogo sana, na mara nyingi linajibu swali ambalo hukuuliza.

Tuanze na kile kibati cha utambulisho chenye namba za chesisi. Nchi iliyoandikwa pale kwa kawaida ni ile ambako vipande viliunganishwa kwa mara ya mwisho. Claas ni jina la Kijerumani, lakini matrekta yake makubwa yanatoka Le Mans, Ufaransa, kwenye kiwanda kilichokuwa cha Renault mpaka Claas ilipoingia mwaka 2003. Deutz-Fahr, naye Mjerumani, yuko mikononi mwa kampuni ya Kiitaliano ya SAME tangu 1995. John Deere kila mtu anamwita Mmarekani, lakini yale ya mfululizo wa 6 yamekuwa yakitoka Mannheim, Ujerumani, kwenye kiwanda cha zamani cha Lanz kilichonunuliwa mwaka 1956, na madogo madogo mengi yanaunganishwa Pune, India. Halafu yuko Massey Ferguson. Lile 135 ambalo wazee hawaachi kulisifu lilianza kutoka mwaka 1964, na Coventry, Uingereza, ndiko lilikojulikana. Kiwanda cha Coventry kilifungwa. Leo jina hilo ni mali ya AGCO ya Marekani, na linavaliwa na matrekta ya Beauvais nchini Ufaransa, ya Brazili, na mengine madogo yaliyotengenezwa na Iseki wa Japani. Kwa hiyo anayeniambia anataka Massey jipya la Mwingereza, namwambia kwa upole atafute la zamani.

Na hapo bado hatujafungua boneti. Ukifungua John Deere dogo unaweza kukutana na injini ya Yanmar, Mjapani. Injini za Perkins, zilizozaliwa Peterborough mwaka 1932, zimetengenezwa kwa leseni katika nchi nyingi. Ekseli za mbele za Carraro wa Italia zimefungwa chini ya majina kadhaa ambayo hayapendani sokoni. Beringi ya 6205 ina milimita 25 kwa 52 kwa 15 hata ikitoka sayari nyingine. Shafti ya PTO, ile ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye zana, kwa trekta la kawaida ina meno sita, kipenyo cha inchi moja na tatu ya nane, na inazunguka mara 540 kwa dakika. Ndiyo maana haro ya Mturuki inafungwa kwenye trekta la Mhindi na hakuna anayeomba radhi.

Hadithi ninayoipenda kuliko zote kuhusu majina ni ya Nebraska, Marekani. Zama za Vita vya Kwanza vya Dunia, mkulima mmoja aitwaye Wilmot Crozier alinunua trekta lililoandikwa Ford. Lilikuwa bovu la kutupwa. Tena halikuwa na uhusiano wowote na Henry Ford wa magari: kampuni moja ya Minneapolis ilikuwa imemtafuta mtu mwenye jina la Ford ili ipate kulibandika jina hilo kwenye mashine yake. Crozier akaingia katika bunge la jimbo, na mwaka 1919 ikapitishwa sheria kwamba trekta haliuzwi Nebraska mpaka lipimwe kwanza, ionekane kama nguvu inayotangazwa ipo kweli. Upimaji ulianza 1920 na ripoti zake wakulima wa nchi nyingi wanazisoma mpaka leo. Angalia vizuri: trekta la Crozier lilikuwa la Marekani, limeuzwa Marekani, kwa Mmarekani. Uraia haukumsaidia kitu.

Na hata sifa za nchi zenyewe zinageuka. Maneno "Made in Germany" yalianza kama onyo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliamuru bidhaa za kigeni ziandikwe zilikotoka, ili mnunuzi azijue na aziepuke. Wajerumani wakatengeneza vizuri zaidi, onyo likawa sifa. Japani nayo ilichekwa baada ya vita kwa vitu vya kuvunjika haraka. Leo nani anacheka?

Swali ninalomrudishia mteja ni jingine: trekta hili lilitengenezewa shamba la nani? Mchoraji wake alipokuwa mezani, alikuwa anamuona mkulima gani, udongo gani, mafuta gani, fundi gani? Hapo ndipo nchi inapoingia kwa maana. Nchi ya yule aliyekusudiwa kulitumia ina uzito kuliko nchi ya kiwanda.

Chukua matrekta madogo ya Kijapani yaliyotumika, yale yanayokuja na maandishi ya Kijapani kwenye dashibodi. Injini zake ni tamu, nakiri. Silinda tatu, haina kelele, inawaka asubuhi ya baridi bila kubembelezwa. Lakini lilichorwa kwa ajili ya majaruba madogo ya mpunga: jepesi lisizame, jembamba ligeuke kwenye kona, magurudumu yote manne yanavuta, na nyuma kuna rota ya kukoroga tope. Mengi hayana bomba za haidroliki za nje za kuinulia trela. Mnunuzi analipeleka kwenye udongo mgumu mkavu, analifunga jembe la diski tatu, halafu ananipigia simu kwamba pua inanyanyuka, matairi yanachimba palepale na klachi inanuka. Trekta linafanya kile lilichoumbiwa, ila liko kwenye shamba lisilo lake. Na akitafuta spea anaambiwa modeli hiyo haimo kwenye kitabu, kwa sababu ilikuwa ya soko la ndani la Japani tu, ingawa jina la kampuni liko dukani kwa herufi kubwa.

Sasa geukia trekta la Belarus, linalotoka Minsk. Kiwanda kile kilianzishwa 1946, na modeli yake ya MTZ-80 ikaanza kutoka 1974. Lilikusudiwa mashamba makubwa ya pamoja ya Kisovieti, yenye karakana yake na dereva ambaye pia ni fundi. Ukilijua hilo, kila kitu chake kinaeleweka: chuma kizito, giaboksi inayohitaji bega, na karibu kila kitu kinafunguka kwa spana za kawaida bila kompyuta. Mwenye fundi nyumbani atalipenda. Anayetaka kukaa kwenye kiti, kuwasha na kusahau, atalitukana kabla msimu haujaisha. Wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Matrekta ya Kihindi watu huyachukulia kama chaguo la asiye na fedha. Mahindra alianza matrekta mwaka 1963 kwa ushirikiano na International Harvester ya Marekani, na kwa idadi ndiye anayeuza mengi kuliko yeyote duniani. Mteja wake wa kwanza ni mwenye shamba dogo, ambaye trekta lake linalima siku chache na kuvuta trela barabarani siku nyingi. Anataka lile lisilokunywa mafuta, ambalo fundi wa kando ya barabara ataliweza. Kama maisha yako yanafanana na ya huyo, limetengenezwa kwa ajili yako. Kama una mamia ya ekari za kulima kwa wiki mbili kabla mvua haijakupita, uliza tena.

Yale mapya ya Ulaya yana mtego wao, na ndio unaoniudhi kuliko wote kwa sababu muuzaji hautaji. Injini zilizojengwa kwa kanuni za moshi zinazoitwa Stage V, zilizoanza kutumika 2019, zina filta ya masizi kwenye ekzosi, na nyingi zinataka AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi, kwenye tangi la pembeni. Filta hizo zinadai dizeli yenye salfa kidogo sana. Ulaya kiwango ni sehemu 10 tu kwa milioni. Lipeleke mahali ambako dizeli ina salfa nyingi, litaanza kuziba, taa itawaka, nguvu itashuka, na wewe utasema Mjerumani siku hizi naye ameharibika. Kumbe viwanda vingi vinatoa pia modeli yenye injini rahisi kwa masoko ya aina hiyo. Rangi ileile, jina lilelile, injini tofauti.

Mchina ndiye anayetukanwa zaidi, kwa hiyo nitakaa kwake kidogo.

China imetengeneza matrekta tangu 1958, pale kiwanda cha Luoyang, sasa YTO, kilipotoa la kwanza. Kampuni hiyohiyo ilinunua kiwanda cha McCormick cha Saint-Dizier, Ufaransa, mwaka 2011. Kuhusu pawatila, yale matrekta ya magurudumu mawili ya kusukuma kwa mkono, ile injini yao ya dizeli ya silinda moja iliyolala, S195, imezalishwa na viwanda vingi kwa mchoro mmoja, milimita 95 upana wa silinda na 115 mwendo wa pistoni, kiasi kwamba ringi za huyu zinaingia kwa yule. Ni injini inayopozwa na maji yanayochemka juu yake, bila pampu ya maji, bila rejeta ya maana. Fundi anaifungua chini ya mwembe na anaifunga kabla ya jua kuzama.

Tatizo ni kwamba kiwanda cha Kichina mara nyingi kinatengeneza kwa kiwango alichoagiza mnunuzi wa jumla. Nimewahi kuweka pawatila mbili kwenye karakana, rangi moja, umbo moja, zote zinatoka China, kila moja imeletwa na mwagizaji wake. Ya kwanza nilipofungua giaboksi, bolti zilikuwa na alama ya 8.8 kichwani, sili zimegongwa vipimo, na ukipitisha kidole chini ya sanduku unapata oili tupu. Ya pili bolti hazikuwa na alama yoyote. Sili ilikuwa mpira mtupu. Chini ya oili kidole kilikutana na mchanga, ule mchanga wa kusubia chuma ambao hakuna aliyejisumbua kuuosha, na meno ya gia moja yalikuwa na mikwaruzo ya tupa. Mtu aliyalazimisha yaingiliane kwa mkono. Mchanga ule ukishazunguka kwenye beringi, hesabu imeisha.

Kwa wasiojua, 8.8 si pambo. Namba ya kwanza ukiizidisha kwa 100 inakupa nguvu ya bolti ya kuhimili mvutano kabla haijakatika, kwa megapaskali; ya pili inasema itaanza kurefuka bila kurudi ikifika asilimia 80 ya hapo. Bolti isiyo na alama haikuahidi chochote. Mimi nikienda kukagua mashine mpya, hupiga magoti na kusoma vichwa vya bolti kabla ya kusoma kibati cha jina. Muuzaji huwa anadhani nimedondosha kitu.

Je, nchi ya kiwanda haina maana kabisa? Inayo, mahali pachache. Matrekta ya zamani ya Uingereza na Marekani yana bolti za inchi, na spana ya milimita itakula kichwa cha nati. Kitabu cha maelekezo kikiwa katika lugha ambayo hakuna anayeisoma karibu nawe, ni karatasi ya kufutia mikono. Na nchi ikiingia vitani au ikiwekewa vikwazo, kontena la spea halisogei, hata kama mashine yenyewe ni bora.

Kuna jambo moja ninalomwambia kila mteja alifanye kabla hajatoa fedha, na wengi wanaona aibu kulifanya. Mpigie simu muuza spea, usimpigie muuza trekta, na uzungumze kama vile trekta tayari ni lako na limelala shambani na mvua imeanza. Usiulizie filta, filta kila mtu anazo. Ulizia klachi pleti, pampu ya haidroliki, na sili ya ekseli ya mbele, kwa modeli na namba kamili. Kisha nyamaza umsikilize. Akisema "ninayo hapa" au "siku kumi", andika. Akianza kukuuliza modeli hiyo inaonekanaje, akakuomba umtumie picha, nawe andika hivyohivyo. Halafu rudi kwa muuza trekta na karatasi yako mkononi, umuulize hayohayo. Yule atakayekujibu kwamba "Mjapani hafi, kaka, hutahitaji klachi", mshukuru kwa chai yake na uende kwa mwingine.