Meno yangu yalitoka Kidatu yakiwa mazima

Pauni 780, jino moja. Gego la chini, upande wa kushoto: kusafisha mizizi na kuziba. Kofia ya jino ni bili nyingine, nimeambiwa nipige simu nikiwa tayari. Mnaojua kung'oa jino pale Morogoro mjini ni shilingi ngapi, pigeni hesabu wenyewe, mimi nimeshachoka kupiga.

Hela inauma lakini itapita. Kilichonikaa rohoni ni swali la yule dada anayemsaidia daktari. Nimelazwa kwenye kiti, mdomo wazi, nusu ya uso imekufa ganzi, ananiuliza kwa upole kabisa: huko kwenu mnapenda sana vitu vitamu, eti? Ningejibuje na mipira ile mdomoni? Jibu nimelibeba mpaka nyumbani, nalitua hapa.

Dada, mimi nimezaliwa Kidatu, mkoa wa Morogoro, kwenye mashamba ya miwa. Miwa ilianzia nyuma ya choo chetu. Msimu wa kuvuna wakichoma mashamba jioni, majivu meusi yanaruka mpaka uani, na mama anakimbilia kuanua nguo. Trekta likipunguza mwendo kwenye tuta, sisi watoto tuko nyuma ya trela tunachomoa miwa, tunaimenya kwa meno hayahaya. Baba alikuwa mkulima wa nje, anauzia kiwanda miwa yake. Chai ya kwetu ilikuwa na sukari vijiko vitatu, na ukikuta viwili unajua mwezi umekuwa mrefu. Pamoja na hayo yote nilitua Birmingham na meno 32, hakuna hata moja lenye tundu. Yameoza huku. Kwenye nchi yenu, kazini kwenu, usiku.

Ninafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, saa mbili hadi saa mbili. Ambaye hajawahi kukesha kikazi hajui saa tisa ya usiku ni kitu gani. Macho yanawaka, miguu mizito, na kengele ya chumba namba fulani inalia kwa mara ya kumi. Mwili saa hiyo hautaki ushauri, unataka sukari. Nayo iko mezani kwenye chumba cha wafanyakazi: biskuti, keki, na yale makopo makubwa ya chokoleti ambayo familia za wazee huleta kushukuru. Wanashukuru kwa moyo, siwalaumu. Ila tangu nianze kazi ile sijaona aliyeshukuru kwa sufuria la wali.

Juu ya hapo kuna enaji, vile vinywaji vya kutia nguvu. Kopo la nusu lita linaweza kubeba gramu 55 za sukari, wakati NHS yenyewe, huduma ya afya ya serikali ya huku, inasema mtu mzima asizidishe gramu 30 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Humo wanahesabu asali na juisi ya matunda pia, jambo ambalo lilinikera kuliko yote, maana asali kwetu ni dawa. Serikali yao iliweka kodi ya vinywaji vyenye sukari Aprili 2018, ndiyo sababu Fanta ya huku ukiionja unajiuliza imefanywa nini: sukari imepunguzwa, pengo limezibwa na vitamu vya maabara. Lakini walioamua kulipa kodi na kubaki na sukari yao wapo, na makopo yao yako kwenye friji la kila kituo cha mafuta njiani kwenda kazini.

Daktari wa meno, namsifu hapa, alinieleza vizuri. Wadudu wa mdomoni wanageuza sukari kuwa asidi, na kila funda jipya linaanzisha asidi ya nusu saa hivi kabla mate hayajatuliza mambo. Kunywa kopo lote kwa mkupuo na kulisindikiza kwa maji kuna nafuu kuliko kulinywa kidogokidogo usiku kucha. Sasa mimi kopo langu lilikuwa linaanza saa nne na kuisha alfajiri, katikati biskuti. Meno hayakupata hata dakika ya kupumua. Muwa nao si dawa, alisema hivyo na namwamini, lakini kule tulitafuna mara moja mchana, tukaenda mtoni, jioni ugali. Hakuna aliyeamka saa tisa ya usiku kutafuna muwa.

Mwezi uleule nesi wa zahanati yangu akanipima sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita, ile HbA1c. Ikaja 44. Kwa vipimo vya hapa 42 mpaka 47 ni mlangoni mwa kisukari, 48 umeshaingia ndani. Akanipa kijitabu chenye picha ya viazi na mkate. Ugali hamna, chapati hamna.

Nikaacha. Naandika kirahisi hivyo lakini siku za kwanza kichwa kiligonga mpaka nikapimwa presha, na nilimfokea mwenzangu wa zamu, Mnigeria mpole, kwa kosa la kufungua pakiti ya biskuti karibu yangu. Msije mkadanganywa na wale wa video wanaosema ni suala la nia. Nia ninayo, nilivuka bahari nayo. Kilichonisaidia ni chakula. Nilikuwa naingia zamu nimekula tosti kwa sababu nimeamka jioni na sina hamu ya kupika. Saa sita njaa, saa tisa wazimu. Siku hizi napika kabla ya kulala: wali, maharage, mchicha wa kugandisha, na mayai ya kuchemsha mfukoni. Maharage makavu, naloweka mwenyewe, maana yale ya kopo ya huku yenye mchuzi wa nyanya yana sukari. Ndiyo, mmesoma sawasawa, maharage yana sukari. Chai nilishusha taratibu, nusu kijiko nusu kijiko, nikiongeza tangawizi na iliki mpaka ulimi ukasahau kudai.

Pagumu palikuwa kwa bibi mmoja wa chumba cha mwisho wa korido. Ana miaka tisini na kitu, watoto wake wanakuja kwa nadra, na kila usiku nikimgeuza ananishika mkono ananitia tofi kiganjani, anafumba vidole vyangu mmoja mmoja kama anamtuma mtoto dukani. Unamkataliaje mtu huyo? Nilizitia mfukoni wiki nzima, zikayeyuka zikaharibu sare. Mwishowe nikamwambia ukweli kuhusu jino. Akacheka sana, akatoa meno yake ya bandia kwenye glasi akanionyesha: na mimi yangu yaliishia hapa. Tofi zimekoma, sasa ananipa stori za vita.

Watu wetu ndio wagumu kuliko Wazungu. Nenda kwenye shughuli ya Watanzania hapa Birmingham ukatae soda na visheti uone. Wa kwanza atakuuliza kwa sauti ya chini: una kisukari? Wa pili ameshakuita Mzungu. Mama kwenye video anasema nimekonda, anauliza kama nina kitu namficha, na nikimwambia nimeacha sukari anaguna: mwaka 2024 sukari ilipopita elfu nne kilo watu waliitafuta kwa foleni, wewe iko bei ya bure hapo ulipo unaikataa? Shikamoo mama. Sina la kujibu.

Kwa wanaoniandikia inboksi wakitaka kuja, mambo mawili. Kwanza, viza ya kazi ya kulea wazee imefungwa kwa waombaji walio nje ya Uingereza tangu Julai 2025, kwa hiyo anayekuomba milioni kadhaa akuunganishie ni tapeli, hata kama mnasali kanisa moja. Pili, kama unakuja kwa njia nyingine, masomo au ndoa, pita kwa daktari wa meno kabla ya kupanda ndege, uzibe kila kitu kwa bei unayoijua. Mtu mzima kwa kawaida hatibiwi meno bure England. Kazi yangu hii kwa NHS ingekuwa pauni 75.30 kwa bei zilizoanza Aprili 2025, ila kila kliniki niliyopiga simu ilisema haipokei watu wazima wapya. Ndiyo nikaangukia kwa binafsi.

Wanaokuja Desemba, visheti na kashata msiniletee, namaanisha. Nataka iliki, karanga mbichi kilo mbili nitakaanga mwenyewe, na unga wa dona. Gharama nitarudisha, lakini baada ya Februari, maana jino nalilipa kwa mafungu.