Gari Nililoliacha Chini ya Turubai

Nilipoondoka nyumbani mwaka 2014 niliacha gari moja nyuma ya nyumba, sedani ndogo ya petroli iliyoundwa mwishoni mwa miaka ya 1980, yenye injini ya silinda nne, kabureta na gia za mkono. Nililifunika turubai, nikamkabidhi mdogo wangu ufunguo, nikamwomba aliwashe kila Jumamosi kwa robo saa, nikaahidi kwamba ningerudi baada ya miaka miwili. Nimerudi baada ya miaka 11. Mdogo wangu naye alitimiza ahadi yake hadi betri ilipokufa, na kwa maelezo yake mwenyewe hilo lilitokea kabla mwaka haujaisha, kwa hiyo hakuna kati yetu mwenye haki ya kumlaumu mwenzake.

Panya walikuwa wamejenga kiota juu ya kichujio cha hewa na kutafuna nyaya mbili za taa. Diski za breki zilikuwa zimeota kutu nzito. Ukitazama tairi kwa mbali ungedhani ni nzima, lakini kila tairi huandikwa ubavuni tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake, na zangu zilisomeka 3113, yaani wiki ya 31 ya mwaka 2013. Mpira wa umri huo hukakamaa na kupasuka hata kama haujawa kipara, kwa hiyo niliamua tangu siku ya kwanza kwamba gari halitatoka getini kwa tairi hizo.

Mtoto wa dada yangu, ambaye nilimwacha akiwa darasa la pili na sasa ananizidi urefu, alisimama akinitazama nikivaa nguo za kazi.

“Mjomba, kwani huko ulikotoka si magari yanajiendesha yenyewe? Mbona umerudi kushika spana?”

Nilimjibu kwamba magari ya kukodi yasiyo na dereva yapo, na kwamba kampuni ya Waymo inabeba abiria kwa magari hayo katika miji kadhaa ya Marekani, ila karibu yote yanayouzwa kwa watu wa kawaida bado yanamtaka dereva aangalie barabara na kubeba lawama. Hakuridhika, na kwa kweli jibu hilo halikumgusa. Alichotaka kujua ni kwa nini mtu aliyeendesha magari mapya kwa miaka yote hiyo arudi kulihangaikia hili. Tulikuwa na siku nne za kulijadili, maana ndizo zilizotumika kuliamsha.

Tulianza na mafuta. Petroli haikai. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoiwezesha injini baridi kuwaka, huvukika ndani ya miezi michache, na inayobaki huchacha na kuacha utando mfano wa gundi. Iliyotoka kwenye tangi letu ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi na ilinuka kama vanishi. Tuliifungua kabureta tukaitandaza vipande vipande juu ya gazeti, na kijana akashangaa kuona kwamba kifaa chote kinachoamua injini ipate mafuta kiasi gani ni boya, vali chache na matundu membamba kama ya sindano, ambayo yote yalikuwa yameziba. Tuliyasafisha moja moja kwa dawa na hewa. Hakuna waya hata mmoja unaopeleka taarifa mahali popote.

Kabureta ilinikumbusha jinsi dunia ya magari ilivyokuwa nilipoondoka. Wakati ule Ulaya ilikuwa imezama katika dizeli, na zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Ulaya Magharibi yalitumia mafuta hayo kwa sababu serikali ziliamini kwamba ndiyo njia nafuu ya kupunguza hewa ya ukaa. Nilikuwa ughaibuni mwaka mmoja tu pale Volkswagen ilipobanwa na mamlaka ya mazingira ya Marekani, Septemba 2015, ikakiri kwamba injini zake za dizeli zilikuwa na programu inayotambua kwamba gari liko kwenye kipimo, inayosafisha moshi kwa muda huo tu, kisha kuuachia barabarani. Magari yaliyohusika yalikuwa takriban milioni 11 duniani kote. Wengi walizungumzia uongo wenyewe. Mimi nilichokishika ni kwamba uongo ule ulifichwa mahali ambapo mwenye gari hakuwa na ruhusa wala uwezo wa kupatazama. Kabureta ikikosea hutoa moshi mweusi mbele ya majirani, na kila mtu anajua.

Sidai kwamba moshi mweusi ni fadhila. Wapenzi wa magari wa umri wangu wana tabia ya kununa gari la umeme linapotajwa, na mimi si mmoja wao. Miaka minne ya mwisho ughaibuni niliendesha gari la umeme, na nilipoachana nalo niliumia. Mota yake inatoa nguvu yote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, ikipunguza mwendo inarudisha sehemu ya umeme kwenye betri badala ya kuuteketeza kwenye pedi za breki, na inageuza zaidi ya asilimia 80 ya umeme ilioupokea kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli, hata ile iliyosanifiwa kwa ustadi mkubwa, inapoteza zaidi ya nusu ya mafuta yake kama joto. Anayesema kwamba huu ni upepo wa kupita aitazame Norwei, ambako karibu asilimia 89 ya magari mapya ya abiria yaliyosajiliwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme mtupu, au China, ambako katikati ya mwaka huo huo magari ya umeme na yale ya mseto yanayochajiwa, yenye mota na injini pamoja, yalivuka nusu ya mauzo ya mwezi. Ethiopia nayo ilipiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024, na sababu yake kubwa ilikuwa fedha za kigeni zilizokuwa zikiishia kwenye mafuta. Huo ni uamuzi wa mtu aliyekaa chini akapiga hesabu.

Kwa hiyo ugomvi wangu na magari ya sasa hauhusu betri. Unahusu kufuli.

Siku moja taa ya mbele ya gari lile la umeme iligongwa na jiwe. Nilinunua nyingine ya aina ile ile, nikaifunga mwenyewe kwa bolti zilezile, na gari likaikataa, likaniandikia kwenye skrini kwamba kifaa hakitambuliki. Ilinibidi nilipeleke kwa wakala, fundi akachomeka kompyuta, akaitambulisha taa kwa gari kwa muda usiozidi dakika kumi, nami nikalipishwa zaidi ya bei ya taa yenyewe. Ninaelewa kwamba kumfunga mwizi wa vipuri ni jambo jema. Sielewi kwa nini mimi, mwenye hati ya gari, nafungiwa pamoja naye.

Yapo makubwa kuliko taa. Mwaka 2022 BMW ilijaribu katika baadhi ya masoko kuwatoza wateja ada ya kila mwezi kwa ajili ya joto la viti, wakati waya wa kupasha joto tayari umeshonwa ndani ya kiti walichokwisha kukinunua. Wateja walipiga kelele na mwaka uliofuata kampuni ikaachana na mpango huo. Mwaka huo huo wa 2022 mitandao ya simu ya 3G ilipozimwa Marekani, magari mengi yaliyokuwa na umri wa miaka michache yalipoteza huduma ya kuita msaada baada ya ajali. Kisha Juni 2024 kampuni ya magari ya umeme ya Fisker ikaomba ulinzi wa kufilisika, ikawaacha wenye magari yake aina ya Ocean wakiwa na magari mapya ambayo sehemu ya akili yake ilikuwa kwenye kompyuta za kampuni iliyokuwa ikikata roho. Wenye magari walilazimika kuunda chama chao wenyewe ili kutafuta vipuri na masasisho ya programu. Mimi nimerudi nikalikuta gari ambalo aina yake iliacha kuundwa zaidi ya miaka 30 iliyopita, na mtengenezaji wake angefilisika leo usiku nisingejua hadi nisome habari.

Siku ya pili tulishughulikia injini. Kosa linalofanywa na wengi ni kuweka betri mpya na kuzungusha ufunguo papo hapo, na ringi za pistoni zilizokauka zikakwaruza kuta za silinda. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina oili kidogo katika kila tundu, tukaacha usiku kucha, kisha asubuhi tukaizungusha injini kwa mkono kwa spana ndefu. Iligoma kwa muda mfupi, halafu ikalegea na kuzunguka. Kijana alipiga kelele kana kwamba timu yake imefunga bao. Baada ya hapo tulibadilisha mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa vali na pistoni, kwa kuwa mpira huzeeka hata gari likiwa limesimama, na mkanda huo ukikatika vali na pistoni huweza kugongana.

Vipuri ndivyo vilivyonirudisha kwenye siasa. Mwaka 2021, wakati viwanda vikubwa vilipokuwa vikisimamisha uzalishaji kwa kukosa chipu, nilisubiri miezi saba gari lililokwisha kulipiwa. Chanzo chake kilikuwa cha kawaida kabisa: janga lilipoanza mwaka 2020 watengenezaji wa magari walifuta oda zao, viwanda vya chipu vikawauzia watengenezaji wa kompyuta na simu, na watengenezaji wa magari waliporudi mlangoni wakakuta foleni. Juu ya hapo ukaja ukuta wa ushuru. Marekani ilipandisha ushuru wa magari ya umeme ya China hadi asilimia 100 mwaka 2024, Umoja wa Ulaya ukaongeza hadi asilimia 35.3 juu ya ile 10 ya kawaida, na Aprili 2025 Marekani ikayawekea asilimia 25 magari yanayotoka nje. Nazielewa hofu za wafanyakazi wa viwandani, na sidhani kwamba ruzuku za China ni hadithi za kutunga. Hata hivyo, kila ukuta wa namna hiyo humwangukia hatimaye mtu anayetafuta kipuri, na gari ambalo kipuri chake kinatoka kiwanda kimoja tu, kwa idhini ya kompyuta moja tu, ndilo litakaloangushwa la kwanza. Pampu ya maji ya sedani yangu inatengenezwa na viwanda kadhaa katika nchi kadhaa, na yeyote kati yao akizuiwa mpakani, nitanunua kwa mwingine.

Kijana alinibana hapo, na alikuwa na haki. Aliniuliza kama ningempakia mama yake humo na kushika barabara kuu. Nilisita, na kusita kwangu kulikuwa jibu. Gari hili halina mifuko ya hewa, breki zake hazina mfumo wa kuzuia magurudumu kufunga, na milango yake ni bati jembamba. Lilisanifiwa enzi ambazo petroli yenye madini ya risasi ilikuwa bado inauzwa katika nchi nyingi, sumu ambayo dunia haikuiondoa kabisa kwenye magari hadi Algeria, iliyokuwa ya mwisho, ilipoacha kuiuza mwaka 2021. Mtu wa magari anayesema kwamba ya zamani yalikuwa bora kwa kila hali hajawahi kugonga kitu akiwa ndani yake.

Nilichomwambia ni kwamba ningenunua kesho gari la umeme lenye breki za kisasa na mifuko ya hewa, ilimradi lifunguke kwa spana, betri yake ibadilike seli kwa seli, na mwongozo wa ukarabati uuzwe kwa yeyote. Dalili chache zipo. Umoja wa Ulaya umeamuru kwamba kuanzia Februari 2027 betri za magari ya umeme ziwe na pasipoti ya kidijitali inayoeleza muundo na hali yake. Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari mapya, kuanzia mwaka 2026 wanapunguza alama kwa gari lililohamishia honi, waipa, indiketa na vitu kama hivyo kwenye skrini badala ya vitufe na vishikio. Nilifurahi niliposoma hilo, kwa kuwa kuna usiku mmoja wa mvua nilitafuta waipa ndani ya menyu tatu nikiwa kwenye mwendo kasi.

Siku ya tatu tulimaliza breki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakikaa miaka mingi maji hayo huweza kuchemka breki zikipata moto na kuacha pedali ikizama hadi chini; tuliyatoa yote yakiwa meusi. Jioni gari likawaka, kwa kikohozi na moshi wa oili ile tuliyoimimina, kisha likatulia.

Halikwenda popote. Klachi ilikuwa imeshikwa na kutu, sahani yake ikagandamana na gurudumu la injini, na kila nilipokanyaga pedali gia hazikuingia. Tuliiacha injini ipate moto, tukaizima, tukaibana pedali chini kwa kipande cha ubao kilichoegemezwa kwenye kiti, tukaenda kulala. Asubuhi ya siku ya nne nilikuwa bado nimeshika kikombe niliposikia mlio mmoja mkavu kutoka nyuma ya nyumba, kama mtu aliyevunja kijiti, na sauti ya kijana ikiita, “Mjomba, imeachia!”